Mama Shaba Anaondoka Chumba cha Kuchovya

Ijumaa, tarehe 30 Juni, saa tisa na nusu alasiri, fundi mkuu wa vifaa vya umeme wa karakana ya hospitali yetu atavua koti lake la kazi na kustaafu rasmi, baada ya utumishi wa miaka thelathini na mmoja na miezi minne. Kwenye faili la utumishi ana jina lake kamili na namba yake. Sisi tunamwita Mama Shaba, na ameomba wasifu huu utumie jina hilo, kwa sababu lile jingine, kwa maelezo yake, analisikia tu anapotakiwa kutia saini.

Anayeandika ni fundi mwenzake. Nimekaa meza ya kushoto kwake kwa miaka tisa, na mkuu wa karakana aliponiomba kurasa mbili nilimjibu kwamba kurasa mbili hazitoshi hata kwa habari za pasi. Alisema niandike ninavyoona, ila nisizidishe chumvi. Nimejitahidi.

Mama Shaba hakuja hapa kuwa fundi. Aliajiriwa kuwa opareta wa simu, kwenye kile chumba kidogo pembeni ya mapokezi ambamo leo tunaweka viti vya magurudumu. Mwaka wake wa pili, mtambo wa simu ulianza kukata mazungumzo katikati. Fundi wa kampuni aliitwa mara tatu na akaahidi mara nne. Madaktari walikuwa wakimtolea opareta maneno kana kwamba ndiye aliyekuwa akiwakatia kwa makusudi. Siku moja alichoka. Akaufungua mlango wa mtambo kwa kisu cha kukatia mkate, akatazama ndani, akakuta bodi moja imeungua na njia zake za shaba zimebabuka.

Kwa asiyejua kazi yetu, niseme kwa ufupi. Bodi ni kile kipande chembamba kilichomo ndani ya redio, mizani au jokofu, ambacho juu yake vimelehemiwa vifaa vidogo vidogo. Chini yake kuna mistari ya shaba inayopeleka umeme kutoka kifaa kimoja hadi kingine. Ukinunua kipande kipya, upande mmoja wote ni shaba tupu. Kazi ni kuifunika shaba unayoitaka ibaki, kisha kukichovya kipande kwenye dawa inayoila shaba iliyo wazi. Kilichofunikwa kinabaki, na ndizo njia zenyewe. Hayo yote Mama Shaba alielezwa kwenye korido na mwalimu wa chuo cha ufundi aliyekuwa akija kila jioni kumwona mkewe aliyelazwa. Mwalimu alimchorea juu ya bahasha, na kesho yake akamletea kipande cha shaba na dawa kidogo kwenye chupa ya maji ya matunda.

Cha kuifunikia shaba hakuwa nacho, akatumia rangi ya kucha ya dada yake. Alikaa siku mbili akichora njia kwa kijiti cha meno. Bodi hiyo, yenye mistari myekundu iliyobaki pembeni, ilifanya kazi kwenye mtambo wa simu kwa miaka kumi na miwili, mpaka mtambo wenyewe ulipoondolewa. Dada yake hakupewa chupa nyingine, na analikumbusha suala hilo kila wakikutana.

Mwezi uliofuata alihamishiwa karakana. Chumba chetu cha kuchovya, kile chenye dirisha linalotazama kamba za kuanikia mashuka, kilikuwa stoo ya magodoro mabovu. Aliyatoa magodoro, akapaka ukuta chokaa, akaomba feni ya kutolea hewa. Feni ililetwa baada ya miaka miwili. Katika miaka hiyo miwili alichovya dirisha likiwa wazi, hata siku za mvua, na mwavuli juu ya beseni. Huyo ndiye Mama Shaba: hakusubiri, lakini pia hakuacha kuandika barua za kuomba feni.

Sasa nije kwenye pasi. Baada ya rangi ya kucha alijifunza njia tunayoitumia mpaka leo. Mchoro unachapwa kwa printa ya wino wa unga kwenye karatasi inayoteleza, karatasi inalazwa kifudifudi juu ya shaba, kisha inapigwa pasi ya moto. Wino unayeyuka na kuishika shaba. Ukiloweka karatasi na kuisugua taratibu kwa kidole gumba, karatasi inatoka na wino unabaki. Mumewe Mama Shaba ni mshonaji, na mshonaji ana pasi nzuri kuliko watu wote. Kila Jumamosi pasi ile ilikuwa ikiondoka nyumbani ndani ya mkoba na kurudi Jumamosi hiyo hiyo, na hakuna aliyejua kitu, mpaka mteja mmoja aliyekuwa akienda kuoa alipovaa shati jeupe lenye mistari miwili myeusi sambamba mgongoni. Mume hakugombana na mtu. Alinunua pasi ya pili, akaiandikia kwa kalamu nene maneno YA SHABA, akaiweka juu ya meza ya chakula. Mama Shaba anasema hakuwahi kupewa zawadi iliyomtia aibu namna ile, wala iliyomfurahisha namna ile.

Karatasi nayo ina habari yake. Inayofaa zaidi ni ile ya kalenda na majarida. Kwa muda fulani wagonjwa wanaosubiri zamu walilalamika kwamba hadithi zote za majarida pale mapokezi zinakosa ukurasa wa mwisho. Uchunguzi haukufika mbali. Siku hizi tunapata kalenda za mwaka uliopita kutoka kila idara, na kila mwezi wa kwanza mlango wa chumba cha kuchovya hujaa miezi ya zamani iliyokunjwa.

Dawa yenyewe ni maji mazito ya kahawia, na ndiyo sababu kwenye kila chupa pale kumeandikwa SI CHAI kwa herufi za kuonwa na asiyevaa miwani yake. Ikidondokea koti, koti hilo ni la kuchovyea mpaka liishe. Mara moja tu, mfanyakazi mpya alimwaga mabaki kwenye karo la chuma akidhani anasaidia. Baada ya wiki karo lilikuwa likivuja kama chujio. Mama Shaba hakumfokea. Alimwonyesha ndoo ya magadi, akamwonyesha jinsi ya kuitia kidogo kidogo mpaka dawa ifanye matope, jinsi ya kuyaacha yatulie na kuyatia kwenye pipa lenye alama, kisha akamfanyisha kazi hiyo mwezi mzima. Hakuna tone la dawa lililoingia kwenye mitaro ya hospitali tangu hapo, na hilo analitaja kwa fahari kuliko bodi yoyote.

Nimeombwa niandike mafanikio yake, nami nayaandika kama yalivyo kwenye daftari la chumba. Bodi mia mbili na kumi na nne. Kengele za kumwita muuguzi katika wodi sita. Mizani kumi na tisa ya kupimia watoto. Saa ya kuhesabu muda kwenye mashine ya kufulia mashuka, ambayo kabla ya hapo ilikuwa ikifua mpaka mtu akumbuke. Na juu ya yote, majokofu ya damu. Tunayo tisa, na kampuni iliyoyatengeneza ilishaacha kutoa vipuri vyake. Bodi ya tahadhari, ile inayopiga kelele joto likipanda kupita nyuzi sita, ilikufa kwenye majokofu manne kati ya hayo. Yote manne yanafanya kazi kwa bodi za Mama Shaba. Miaka miwili iliyopita, saa sita mchana, fyuzi ilikatika kwenye jengo la maabara na hakuna aliyegundua, isipokuwa jokofu namba tatu. Lilipiga kelele mpaka msimamizi wa damu akaacha chakula chake, na mifuko arobaini na mmoja ikahamishwa kabla haijaharibika. Alipopongezwa, Mama Shaba aliuliza kama sauti ilisikika mpaka koridoni. Alipoambiwa ilisikika kwa shida, alirudi akaiongeza.

Alikuwa na mpaka mmoja asiouvuka: kifaa kinachogusa mwili wa mgonjwa hakitengenezwi chumbani kwetu. Daktari mmoja aliwahi kumbembeleza kwa siku tatu kuhusu pampu ya dripu. Alimkaribisha kiti, akamsikiliza siku zote tatu, akamkatalia siku zote tatu.

Kuna sheria yake nyingine ambayo lazima niieleze, maana ndiyo iliyonitoa jasho. Kila bodi yetu ina maandishi yake ya shaba pembeni: jina la mashine na namba. Yanatakiwa yasomeke vizuri kwenye shaba. Lakini karatasi inalazwa kifudifudi, kwa hiyo kila kitu kinageuka, mkono wa kulia unakuwa wa kushoto. Ili yasomeke kwenye shaba, maandishi lazima yawe kinyume kwenye karatasi. Ukichapa mchoro ukakuta maneno yanasomeka bila shida, ujue bodi itatoka imegeuka na vifaa havitakaa. Mama Shaba aliifupisha sheria hiyo kwa maneno matatu: ukiweza kuisoma, itupe. Katibu muhtasi wa utawala, aliyefika mlangoni na waraka mpya mkononi, alimsikia akiisema, akaenda kuripoti kwamba karakana inatupa nyaraka. Tuliitwa ofisini wote watatu, yeye, mimi na katibu muhtasi. Mkurugenzi wa wakati huo alicheka mpaka akatoa kitambaa, na tangu siku hiyo katibu muhtasi akituletea waraka huusoma kwa sauti kwanza.

Nisimpambe kupita kiasi. Mama Shaba ni mgumu. Ncha zake za keekee ya kutobolea matundu, zile nyembamba kama sindano, anazihesabu asubuhi na jioni, na ukivunja moja utaisikia habari yake mpaka mwisho wa mwezi. Hupiga mluzi wimbo mmoja tu na haufikishi mwisho. Na alikuwa na kosa moja kubwa, ambalo nimeruhusiwa kuliandika kwa sababu ni yeye aliyelitaja wa kwanza: pasi haikutoka mikononi mwake. Mimi nilitoboa matundu, nililehemu, nilipima, nilichovya. Lakini kuchapa karatasi na kupiga pasi, hapana. Akiwa na homa alikuja. Akiwa likizo alikuja mara moja kwa wiki, na mkoba wake, akisema alikuwa anapita tu. Sisi tuliona ni mapenzi ya kazi, na yalikuwa mapenzi kweli. Hatukuona kwamba kila mwaka chumba kile kilizidi kuwa cha mtu mmoja.

Aliyeliona ni mkaguzi wa vifaa, mtu mpole mwenye sauti ndogo, aliyekuja mwezi wa kwanza mwaka huu. Alikaa siku mbili akisoma daftari. Barua yake ilifika wiki mbili baadaye. Ilisema kazi ya chumba cha kuchovya ni nzuri, lakini yote iko katika mikono ya mtumishi mmoja anayestaafu tarehe 30 Juni. Siku hiyo chumba kifungwe, na majokofu yanayotegemea bodi zake yaondolewe kadiri bodi hizo zitakavyokufa. Isipokuwa, kabla ya mwisho wa Mei, mtumishi mwingine atengeneze bodi nzima mbele ya mkaguzi, kuanzia karatasi hadi kengele, bila Mama Shaba kugusa, kusema wala kuonyesha ishara yoyote.

Mama Shaba aliisoma barua akiwa amesimama, akaisoma tena akiwa amekaa. Nilitegemea hasira. Badala yake akasema kosa ni lake. Miaka tisa amenishikisha keekee, pasi hakuniachia hata siku moja, akidhani anakitunza chumba, kumbe alikuwa anakifunga mwenyewe polepole. Akainuka, akaiwasha pasi, akanikabidhi, akaenda kukaa kwenye kigoda karibu na mlango. Mikono yake aliikalia.

Miezi mitatu iliyofuata sitaki kuikumbuka na siwezi kuisahau. Nilipiga pasi ikiwa baridi mno, wino ukabaki kwenye karatasi. Nikapiga ikiwa moto mno, wino ukatapakaa na njia zikashikana. Nilisugua kwa kucha badala ya kidole nikachuna nusu ya mchoro. Vipande vya shaba vilipotea kwa mikono yangu kiasi cha mkuu wa karakana kuuliza kwa upole kama nilikuwa nikivila. Mama Shaba alinifundisha mchana wote, na ilipofika Aprili alianza kujizuia kusema. Unamwona anafungua mdomo, anaufunga. Mwezi wa Mei bodi zangu nne mfululizo zilitoka safi, na nikaanza kuvimba kichwa.

Mkaguzi alikuja Jumanne ya tatu ya Mei, saa tatu asubuhi. Alitaka bodi ya jokofu namba saba, ambalo tahadhari yake ilikuwa imeanza kusuasua. Gari lake lilikuwa linaondoka saa kumi, kwa hiyo saa kumi ndiyo ilikuwa mwisho. Mama Shaba aliambiwa angeweza kusubiri nje. Alichagua kukaa ndani, kwenye kigoda chake.

Nilikisugua kipande cha shaba mpaka kikang'aa, nikakifuta kwa spiriti. Nikachapa mchoro kwenye ukurasa wa kalenda. Ukatoka mweusi, safi, bila tundu hata moja. Niliuinua kwenye mwanga wa dirisha kuukagua, nikasoma JOKOFU 7 bila kukodoa macho, nikaridhika kabisa. Mkaguzi naye alitikisa kichwa kukubali. Mama Shaba aliinuka, akaenda dirishani, akawa anatazama mashuka kwenye kamba. Nikajua ameridhika kama mimi.

Ndiyo, msomaji, umeshaona. Mimi sikuona. Siku moja kabla ya hapo nilikuwa nimechapa bodi ndogo ambayo vifaa vyake hukaa upande wa shaba, na bodi ya namna hiyo mchoro wake hugeuzwa kwenye printa kabla ya kuchapwa. Nilisahau kuirudisha printa ilivyokuwa. Printa haisahau. Sheria ya maneno matatu niliyoisikia kwa miaka tisa, niliyowahi kuitwa nayo ofisini, ilipita mbele ya macho yangu na nikaipungia mkono.

Nilipiga pasi, nikaloweka, nikasugua. Nilikichovya kipande kwenye beseni la plastiki lililokalia maji ya moto, nikaliyumbisha dakika ishirini na tano. Shaba ilikwisha pale palipotakiwa kwisha. Nikaosha, nikafuta wino, nikaigeuza bodi mikononi nikitafuta nyufa. Ilikuwa saa tano na nusu. Nikaona herufi zimenipa mgongo. Akili iliniruka. Niliisoma mara tatu, na mara zote tatu ilisomeka kama kwenye kioo.

Mkaguzi alikuwa akiandika. Hakuwa ameona, na njia ya kuficha nilikuwa naijua. Chipu moja na transista mbili ndizo zilizokuwa na shida. Chipu unaweza kuilaza chali, ukaikunja miguu yake upande wa pili, na bodi ikafanya kazi kama kawaida. Mama Shaba mwenyewe aliwahi kufanya hivyo ujanani, kwenye kengele ya wodi ya wazazi. Miaka minne baadaye fundi wa zamu alikuja kuitengeneza, akafuata mchoro, akaunganisha kushoto kilichotakiwa kulia, akaiunguza yote. Wodi ilikaa siku mbili bila kengele. Tangu hapo aliapa kwamba bodi isiyofanana na mchoro wake haitoki chumbani. Lakini siku ile nilifikiria chumba, nikafikiria majokofu manne, nikafikiria tarehe 30 Juni, na kwa kiasi cha dakika mbili nilikuwa nimeshaamua kuilaza chipu chali. Nilikuwa nimeishika kabisa kwa kibano. Mama Shaba alikuwa bado ananipa mgongo pale dirishani.

Niliirudisha chipu kwenye boksi. Nikamwita mkaguzi, nikamwonyesha bodi, nikamwambia kwamba nimeichapa kinyume, kwamba kosa langu limeanzia kwenye karatasi, kwamba naanza upya na kwamba kimebaki kipande kimoja cha shaba. Mkaguzi alitazama saa yake, akasema saa kumi ni saa kumi, akaendelea kuandika.

Kuhusu bodi ya pili sina mengi ya kusimulia. Niliirekebisha printa. Karatasi ilipotoka nilijaribu kuisoma, nikashindwa, na sijawahi kufurahi hivyo kwa kushindwa kusoma. Nilipiga pasi nikihesabu kwa sauti. Nilitoboa matundu sitini na mawili bila kuvunja ncha. Saa tisa kasoro robo bodi ilikuwa kwenye jokofu namba saba, msimamizi wa damu akauacha mlango wazi, na sote tukasimama tukitazama namba zikipanda. Nne. Tano. Sita. Kengele ililia. Mkaguzi aliingia koridoni akafunga mlango, akarudi akasema imesikika. Kwenye fomu yake aliandika sentensi moja, ninayo nakala: amefaulu kwa bodi ya pili, kosa la kwanza amelitaja mwenyewe. Akapanda gari lake.

Tuliporudi chumbani Mama Shaba alikaa kwenye kigoda. Nilidhani atanipongeza.

"Niliiona ilipotoka tu kwenye printa," alisema. "Ningekohoa tu, ungegeuka. Nikaenda dirishani nisije nikakohoa."

Nilimuuliza alikuwa na moyo gani, kunitazama nikichovya kitu kilichoharibika huku chumba kinakwenda na maji.

"Ningekuokoa leo, mdogo wangu, chumba kingebaki changu. Na mimi naondoka."

Kisha akalia. Naandika hivyo kwa idhini yake. Katika miaka tisa nilikuwa sijamwona akilia, hata siku alipojimwagia dawa machoni miwani ikiwa kichwani. Alilia kidogo, akajifuta kwa mkono wa koti, akaniuliza kama ncha za keekee zimetimia.

Nilimkasirikia siku mbili. Zile saa mbili na nusu alizoniacha nipoteze zingeweza kutugharimu chumba. Lakini nilimwelewa kabisa wiki iliyopita tu, nilipompa pasi mwenzetu wa karakana anayekaa meza ya tatu ajifunze. Aliishika vibaya, ikiwa moto mno, akiielemea upande mmoja. Nilibana meno. Nilifungua mdomo, nikaufunga. Sasa najua kwamba kazi ngumu kuliko zote siku ile ya Mei haikuwa yangu.

Barua ya pili ya mkaguzi imefika. Chumba cha kuchovya hakifungwi. Kitakuwa na watumishi watatu, na hakuna atakayeruhusiwa kupiga pasi wiki mbili mfululizo. Sharti hilo la mwisho liliongezwa kwa ombi la Mama Shaba mwenyewe.

Kutoka hapa anakwenda nyumbani kwa mumewe mshonaji, ambaye ametangaza kwamba pasi yake itafungiwa kabatini. Wajukuu wapo wanne, na mkubwa wao ameshaanza kufungua vitu vya watu. Dada yake amesema atakuwepo Ijumaa, na atakuja na kucha tupu ili ujumbe ufike. Tunawashukuru wote hao, kwa miaka yote ya Jumamosi walizotuazima.

Na wewe, Mama Shaba, asante. Asante kwa bodi mia mbili na kumi na nne, asante kwa ukali, na asante kwa kwenda dirishani ulipotamani kukohoa. Pumzika bila kusikiliza kengele. Jumatatu saa mbili asubuhi chumba cha kuchovya kitafunguliwa, dawa itapashwa moto, pasi itawashwa, nawe hutakuwepo, na kazi itaendelea. Tunakutakia siku njema zote zilizo mbele yako.